Bwana Harusi wa Kubandika

Nyie mnaonipa shikamoo huku macho mmeyaacha kwenye simu, marahaba, ila leo kaeni kidogo. Mnanijua mzee wa barazani, hapa karibu na soko la Mabibo, ninayekunywa kahawa na kubishana habari za mpira mpaka adhana ya magharibi. Wachache wenu mnajua kwamba mie ndiye niliyewapiga picha mama zenu wakiwa wasichana, nikawapiga siku za harusi zao, na nikawapiga na nyie mkiwa mnalia ndani ya beseni. Ilikuwa ndiyo kazi yangu. Nimeacha. Watu wakiniuliza kwa nini, nasema macho yamechoka. Uongo mtupu! Macho yangu mazima, namshukuru Mungu, naona hadi mende wa nyumba ya jirani. Nimeacha kwa aibu, na aibu hiyo mtaa mzima unaijua, ila kila mtu anaisimulia anavyotaka. Sasa nimeona siku hizi kila kijana ana kamera na kila kamera ina mwenyewe anayejiita fundi. Bora mnisikie mie.

Kazi nilifundishwa na Bwana Hassanali, Mhindi wa Shia aliyekuwa na studio kule mjini. Nilifika kwake kutoka Rufiji nikitafuta kazi yoyote, akanipa ufagio. Ijumaa alivaa kanzu nyeupe, siku nyingine zote fulana iliyotoboka, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Chumba cha giza cha studio ile kilinuka dawa kiasi kwamba hata chapati niliyobeba ilikuwa na ladha ya picha. Nilifagia humo mpaka siku aliponiona nachungulia mezani kwake, akasema, "Hemedi, njoo uone watu wanavyotengenezwa."

Enzi hizo hakuna kompyuta. Alikuwa anaweka negativu, ile filamu iliyosafishwa, juu ya kioo chenye taa chini yake, anachonga penseli kwa wembe mpaka inakuwa na ncha ya sindano, halafu anajaza madoa ya usoni, nukta kwa nukta. Kwenye negativu doa jeusi huonekana jeupe, kwa hiyo ukilijaza penseli, picha ikitoka doa halipo. Alikuwa anaweza kumtoa mtu makunyanzi ya miaka kabla chai haijapoa. "Mteja halipii sura aliyokuja nayo," alikuwa akiniambia. "Hiyo anaiona bure nyumbani kwenye kioo." Mie nikayameza maneno hayo mazimamazima.

Na nilikosea, msidhani sikukosea. Niliwahi kupiga harusi nzima Tandale kamera haina filamu. Harusi nzima! Nilikuwa napiga tu, taa inawaka, watu wanatabasamu, mie najiona mwamba. Ikabidi baadaye niwabembeleze maharusi wavae tena, keki tukatengeneza kwa mkate wa boflo uliopakwa rangi nyeupe. Bahati mbaya walishagombana siku hizo, kwa hiyo mpaka leo albamu yao inaonyesha bwana na bibi harusi walionuniana toka siku ya kwanza.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Alikuja binti mmoja mwalimu, watu wa Moshi, akapiga picha ya kuwatumia wakwe. Alikuwa na kidoti hapa, juu kidogo ya mdomo. Mie nikakichukulia chunusi. Nikachonga penseli yangu nikakijaza, picha ikatoka safi kama yai. Wakwe wakajibu kwamba binti ni mzuri ila siye waliyemwona kanisani. Dada mtu alikuja studio na mwavuli, na haikuwa siku ya mvua. Bwana Hassanali aliniokoa kwa kusimama katikati, na mwanamke alipoondoka akaniambia, "Kabla hujafuta kitu usoni mwa mtu, muulize kama ni chake." Nikaitikia ndiyo bwana. Nilikuwaga naitikia sana.

Baadaye nikafungua studio yangu mwenyewe hapa Mabibo. Riziki ilitoka kwa wanafunzi wa hosteli, picha ndogo za vitambulisho, na harusi za wikiendi. Kompyuta ilipoingia nilidhani nimekwisha. Aliyeniokoa ni Neema, mwanafunzi wa chuo, mtoto wa watu wa Iringa, aliyekuwa akija kujipiga picha kila mara na hazimpendezi. Tukapatana: mie nimpige bure, yeye anifundishe kurekebisha picha kwenye kompyuta. Alikuwa mkali yule mtoto! "Mzee, usibonyeze kwanza. Mzee, nimesema usibonyeze!" Lakini nikajua. Aisee, nikajua kweli. Kilichomchukua Bwana Hassanali jioni nzima kunifundisha, sasa nakifanya huku nakunywa soda. Nikaanza kuondoa madoa, halafu chupa za maji mezani, nyaya za spika, migongo ya wapambe waliosimama vibaya. Sie wapiga picha vitu hivyo tunaviita uchafu. Baadaye nikaenda mbele zaidi, nikaanza kuweka. Babu aliyefariki nikamweka katikati ya wajukuu, familia ikalia kwa furaha. Baba aliyekuwa safarini nikamweka kwenye mahafali ya mwanawe. Mtaa mzima ukanisifu. Na mtu akisifiwa sana, vijana wangu, huanza kusikia sauti yake tu.

Sasa niingie kwenye aibu yangu.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Mama Zuhura. Binti yake Zuhura ni mwalimu wa chekechea huko Mbezi Luis, mtoto mpole lakini akishasema jambo humtoi hapo. Mama mkubwa wake alikuwa anaishi ng'ambo, akafanyiwa upasuaji, akaomba mtu wa kumuuguza. Zuhura akaenda kwa viza ya miezi michache. Mgonjwa badala ya kupona akazidi. Zuhura angefanyaje, amwache kitandani? Akabaki. Viza ikaisha yuko palepale anapika uji na kubadilisha mashuka. Akapitiliza, na akaishi hivyo muda mrefu, akisikia kengele ya mlango anajifungia bafuni.

Huko akakutana na Idrisa, kijana ambaye wazazi wake ni watu wa Temeke, alipelekwa mdogo na akawa raia wa kule. Alikuwa anafanya kazi hospitali anakotibiwa yule mama. Wakapendana kwa heshima zote. Mama mkubwa alipofariki, Zuhura alimzika, akaenda uwanja wa ndege mwenyewe, akawaambia maafisa kwamba nimepitiliza viza, naenda kwetu. Wakaandika yao, akarudi Mabibo.

Sheria ya kule inaruhusu mume raia amdhamini mke wake aje kuishi naye. Lakini aliyewahi kupitiliza viza huangaliwa mara mbili. Watamuuliza: huyu ametudanganya mara ya kwanza, je, ndoa hii ni ya kweli au ni mlango wa kurudia? Washauri wa mtaani hawakukosekana. Badilisha pasipoti. Sema ile ya zamani iliibiwa. Sema ulichanganyikiwa. Zuhura akasema, "Nilipitiliza, nitasema nilipitiliza. Nimechoka kujificha bafuni." Akaandika yote kwenye maombi yake, toka siku viza ilipoisha mpaka siku alipopanda ndege. Mie nilimsikia akimwambia mama yake maneno hayo uani, nikasema moyoni, mtoto huyu kalelewa.

Harusi ikafungwa hapahapa. Idrisa alikuwa kaanza kazi mpya, likizo hana, hakuweza kuja. Dini yetu ina njia yake: bwana harusi asipoweza kufika anaweka mtu wa kumwakilisha. Mdogo wake Bakari akakaa mbele ya shehe, akaikubali ndoa kwa niaba ya kaka yake, mashahidi wakashuhudia, mambo yakaisha kwa halali. Hata hilo Zuhura aliliandika kwenye maombi: mume wangu hakuwepo, aliwakilishwa.

Lakini Idrisa alikuwepo, nyie! Alikuwa kwenye simu. Ukumbini simu ilisimamishwa mbele ya Zuhura, imeegemezwa kwenye chupa ya soda, na humo ndani Idrisa amekaa jikoni kwake peke yake, kanzu, joho, kofia ya vito, nyuma yake friji. Kila mgeni akipita anainama kumsalimia. Simu ikaisha chaji, ukumbi mzima ukasimama kutafuta chaja, mpaka mpishi katoka jikoni na waya. Wakati wa keki Zuhura akakata kipande akaisogezea simu. Idrisa kule akafungua mdomo wazi. Krimu ikapaka kioo. Wanawake wakapiga vigelegele huku wanafuta machozi, na mie nakiri na mie machozi yalinitoka, nikapiga picha nyingi.

Wanawake nao walikuwa wanapiga, kila mmoja na simu yake, wananisukuma. Nikawafokea. "Jamani, ondoeni hivyo visimu vyenu, mnanizibia! Mpiga picha ni mmoja!" Wakarudi nyuma wananung'unika.

Nilipokaa kwenye kompyuta kutengeneza albamu, nikaona picha zinapendeza ila zina uchafu. Chupa ya soda. Waya wa chaja umekatiza mezani. Na simu, kila mahali simu, imepakwa krimu. Nikafanya kazi yangu. Chupa nikaifuta, waya nikaufuta, simu nikaifuta. Ile ya keki nikaikata pembeni, ikaonekana Zuhura anamlisha mama yake. Nikachapisha albamu, Mama Zuhura akaipenda kwa kuwa amependeza mno humo. Na kadi ya kamera nikaisafisha ili iingie harusi nyingine, kama kawaida yangu. Niliichukulia kadi kama sahani: ukimaliza kula unaosha.

Siku nyingi baadaye Zuhura akanipigia. "Shikamoo baba. Naomba unichapishie picha za harusi, wanazitaka kwenye maombi. Niwekee kwenye bahasha, nitapita mbio nikitoka shule, ofisi yao inafunga mapema."

"Marahaba mama, usijali, utazikuta."

Laiti ningeishia hapo. Nikakaa mezani nikaanza kuwaza kwa niaba ya watu. Maafisa wa kule wataona bibi harusi. Bwana harusi yuko wapi? Watasema ndoa gani hii, mke bila mume. Nikaona nina uwezo wa kumsaidia mtoto wa jirani, nimwache hivihivi? Nikachukua picha ambayo Bakari amesimama karibu na Zuhura, kwa adabu, kama shemeji. Nikamsogeza. Nikachukua uso wa Idrisa kwenye picha aliyowahi kunipa Mama Zuhura, nikaubandika juu ya suti ya Bakari. Bakari mfupi, Idrisa mrefu, nikamwongeza miguu. Nikalinganisha rangi ya shingo. Nikaweka hata kivuli sakafuni! Nilipomaliza nikaegemea kiti nikajitazama mwenyewe kwa mbali, yaani kazi yangu. Mume na mke wamesimama pamoja, wanameremeta. Nikaiweka ya kwanza juu ya zingine, nikafunga bahasha kwa gundi zisije zikakunjika. Sikumwambia mtu. Nilitaka iwe zawadi.

Zuhura akapita anahema, hakuketi. "Asante baba, Mungu akulipe."

Akanilipa kweli.

Walipomwita ubalozini kwa mahojiano alikwenda amejifunga mtandio wake mzuri, na mama yake alishinda kwenye mswala. Jioni nikamwona anaingia studio, sio kwao. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, kile cha kupigia picha ndogo.

"Baba," akasema, "ulimweka Idrisa?"

Nikatabasamu, Mungu anisamehe, nikatabasamu. "Nilimweka. Umependa?"

Akanisimulia. Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, amemuuliza habari za mgonjwa, za viza, za siku alizopitiliza, na kila jibu likalingana na maandishi. Zuhura akaanza kupumua. Halafu yule mama akatoa picha akaiweka mezani. Huyu ni nani? Zuhura akasema ni mume wangu. Alikuja lini Tanzania? Hakuja. Basi amesimamaje hapa?

"Unajua baba," akasema Zuhura, "nilipoiona mara ya kwanza moyo ulifurahi. Nilisahau kabisa. Nikasema, kumbe alikuja. Ndipo nikaona anavyonitazama yule mama."

Nikavuta kiti changu, nikakaa mbele yake.

"Nani alikuomba?"

"Hakuna."

"Niliandika kila kitu. Nilipitiliza, nimeandika. Hakuja, nimeandika. Watu walinicheka kwa kuandika ukweli, na mie nikasema ngoja, ukweli ndio utanitoa. Baba, umekuja kuniwekea uongo juu yake." Akafuta pua kwa ncha ya mtandio. "Yule mama aliniuliza kama nina ushahidi kwamba mume wangu alishiriki. Nikamwambia alikuwa kwenye simu harusi nzima. Akazipitia picha zote moja moja. Hakuna simu. Nizipe zile zenye simu, nizipeleke kesho."

Nikageukia kompyuta. Nikafungua hii, nikafungua ile. Safi zote. Zimesafishwa na mie mwenyewe. Zile za mwanzo nilizipiga kwa kadi, na kadi nilishaisafisha.

"Sina," nikasema.

Hakunitukana. Bora angenitukana. Alikaa palepale kwenye kigoda akilitazama lile pazia jeupe la ukutani, halafu akasimama akasema, "Haya baba, usiku mwema," akaenda kwao.

Mama yake ndiye alinitukana, kwa juu ya ukuta, mtaa mzima ukasikia. "Baba Asha! Umempiga picha mwanangu toka ananyonya kidole, leo umemwita mwongo mbele ya wazungu! Alikukosea nini?" Nilikuwa nimesimama uani na ndoo mkononi, sikuweza hata kuiweka chini. Siku zilizofuata nikawa nazunguka njia ya nyuma kwenda msikitini ili nisipite mlangoni kwao. Kule barazani wakanibatiza Bwana Kubandika. Mtu akichelewa kahawa wanasema mwambieni mzee atambandika. Nilicheka nao, na ndani naungua. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mie nilitenda wema nikaenda zangu, mtoto wa watu akabaki kwenye moto.

Jibu likaja: maombi yamekataliwa, ushahidi si wa kweli.

Idrisa kule akatafuta msaada, na sie huku tukaenda kwa wakili, ofisi yake iko juu ya duka la dawa. Mwanamke kijana, na mie nikamkumbuka mara moja, nilimpiga picha akimaliza darasa la saba, soksi moja imeshuka. Akasema wanaweza kuomba upya, lakini lazima kuwe na hati ya kiapo ya aliyetengeneza picha, aeleze alichofanya. Yaani mie. Nikakaa mbele yake, Mama Zuhura upande huu, Zuhura upande ule, yeye anaandika na kusoma kwa sauti. Mimi Hemedi, mpiga picha. Niliiondoa simu. Nilimweka bwana harusi. Sikuombwa na bibi harusi wala mtu yeyote. Kila sentensi nikaisikia na masikio yanawaka.

"Sababu?" akauliza wakili. "Lazima tueleze sababu, mzee."

"Kumsaidia," nikasema.

"Andika alijiona fundi," akasema Mama Zuhura, hata hakunigeukia.

Wakili akanitazama kalamu juu. Zuhura alikuwa anaangalia mikono yake. Nikasema, "Andika hivyo." Akaandika, nikatia sahihi. Huko ng'ambo kwenye jalada fulani kuna karatasi inasema mzee Hemedi wa Mabibo alifanya vile kwa kujiona fundi. Hiyo ndiyo sifa yangu iliyofika mbali kuliko zote.

Ilibaki kutafuta picha. Nikawafikiria wale wanawake niliowafokea. Nikaenda nyumba kwa nyumba, mie na miaka yangu, kuomba. "Hodi. Naomba kuona picha za harusi ya Zuhura." Mmoja akashika kiuno: "Haa! Mpiga picha si ni mmoja?" Mwingine akanikalisha kwenye mkeka, akamaliza kusuka nywele za mwanawe ndipo akafungua simu. Niliwastahili wote. Na jamani, picha zile! Kidole kimeziba nusu. Vichwa vimekatwa. Taa imewapausha watu. Lakini simu ilikuwepo, kwenye chupa ya soda, na waya, na krimu, na Idrisa ndani yake. Kwenye moja, ya mpishi yule aliyetoa chaja, Zuhura anasogeza keki na Idrisa amefungua mdomo hadi unaona ulimi. Imetikisika yote. Nikazichapisha kama zilivyo. Mkono ulikuwa unawasha kunyoosha hata moja tu iliyopinda, nikaukalia.

Wakaomba upya. Kungoja huko sitaki kukuelezeni. Zuhura aliendelea kwenda shule yake, Idrisa aliendelea na hospitali yake, ndoa yao ikawa ya simu, anamwamsha, anamlaza. Wakati mwingine nikiwa uani nilisikia wakigombana ng'ambo ya ukuta, mtu na mumewe, kwa sababu mtandao umekatika katikati ya neno. Kila nikisikia nilijua ni mkono wangu. Nikafunga studio. Kamera nikampa mwanangu Asha auze.

Halafu likaja jibu lingine, na safari hii vigelegele vilivuka ukuta. Wamemkubalia. Siku moja kabla ya kuondoka Zuhura alizunguka kwa majirani kuagana, kama desturi yetu, msafiri anaomba radhi kwa kila mtu asije akaondoka na kinyongo cha mja. Akafika kwangu. Akapiga magoti kidogo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Baba, kama kuna siku nilikukosea, nisamehe."

Yeye ndiye ananiomba mie! Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Nikasema hujanikosea mwanangu, nisamehe wewe. Akasema nimesamehe. Nadhani alisema kweli, lakini kusamehewa hakukunitua mzigo kama nilivyotarajia.

Kwa hiyo nyie mnaoondoa watu na kuweka watu kwa kidole kimoja, mjue mwenye picha ndiye mwenye uchafu wake. Tunzeni picha za mwanzo, hata zikiwa mbaya, hata mteja akisema hazitaki. Na msimsaidie mtu kwa jambo asiloliomba mpaka mmemuuliza. Mie nilikuwa nadhani somo hilo nimeshalimaliza, hadi juzi.

Juzi nimekaa barazani, Asha akaniletea simu yake inalia, video. Nikamwona kijana jikoni, nyuma yake friji. Nikamjua mara moja. Ni uso nilioulinganisha rangi shingoni mpaka usiku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu." Nikajiandaa kutukanwa.

Akacheka, ana kicheko kizuri. Akasema Zuhura hajambo, anasoma kozi, anapika pilau linanukia mpaka kwa majirani. Halafu akapunguza sauti. "Mzee, nina ombi. Ile picha yako, mie sijawahi kuiona. Zuhura aliiona siku moja tu, mezani kwa afisa. Ananisimulia nimesimama pembeni yake, suti nyeusi, nimekuwa mrefu kama mlingoti. Nataka nichapishe niitundike sebuleni. Najua si ya kweli. Lakini humu nyumbani hakuna afisa. Ndiyo picha pekee niliyosimama na mke wangu siku ya harusi yangu."

Vijana, nilipotoka kwa wakili siku ile, nilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta nikaitafuta picha hiyo nikaifuta. Nikaifuta na kwenye kapu la taka. Nilikuwa nimeichapisha kubwa na kuiwekea fremu, nikavunja fremu na picha nikaichoma uani. Nililala vizuri usiku huo, nikijisifu kwamba angalau mara moja nimefuta kinachopaswa kufutwa. Sikumuuliza mtu.

"Nimeifuta, mwanangu," nikasema. "Zote. Haipo."

Nyuma yake maji yalikuwa yanatiririka kwenye sinki, nikayasikia yanafungwa. Uso wa Zuhura ukaingia kwenye kioo, mikono ina povu.

"Hata hiyo, baba?"